NVA 3 ya uchomeleaji, natafuta kazi ya kufundisha Kigoma: maombi yanakwama wapi?

Rodi_ya_Mwanga (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Kigoma mjini. Nina cheti cha kidato cha nne na NVA 3 (tuzo ya ufundi stadi, ngazi ya tatu) ya uchomeleaji na uundaji wa vyuma. Kazi ya karakana naijua: mageti, madirisha, matela, fremu za viti vya boti. Ninachotafuta ni nafasi ya kufundisha, iwe chuo cha serikali, chuo cha maendeleo ya wananchi au cha mtu binafsi. Serikalini maombi yanaishia "hajakidhi vigezo". Binafsi wanakwambia njoo ujitolee kwanza, tutaona mbele ya safari. Kila tangazo linataka uzoefu wa kufundisha, sasa huo uzoefu nitautoa wapi kama hakuna anayenipa darasa? Halafu nasikia kwenye usaili wa vitendo unaambiwa ufundishe papo hapo. Wanaangalia nini hasa? Naomba majibu ya wanaoijua hii kazi, siyo "endelea kumuomba Mungu". Huyo namuomba kila siku.

Karani_wa_Vyeti

Mkuu, anza na hayo maneno mawili ya "hajakidhi vigezo". Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal (mfumo wa mtandaoni wa maombi ya kazi serikalini), fungua orodha ya maombi uliyotuma, angalia kama sababu imeandikwa. "Elimu hailingani na tangazo" na "barua haijasainiwa" zote zinakutoa nje, lakini ya pili unairekebisha leo kabla jua halijazama.

Kwa sifa zako, nadhani tatizo liko kwenye ngazi. NVA 1 hadi 3 ni tuzo za ufundi stadi. NTA, yaani ngazi za elimu ya ufundi zilizo juu yake, zinaanzia 4, na stashahada ni NTA 6. Tangazo likitaka stashahada, NVA 3 haitoshi hata kama unashona chuma hakionyeshi mshono. Halafu matangazo mengi ya mwalimu wa ufundi stadi yanataja fani pamoja na cheti cha ualimu wa ufundi stadi, kile kinachotolewa na chuo cha Morogoro. Wewe unacho cha fani, cha ualimu huna. Hapo ndipo pengo lilipo, na hakuna barua nzuri ya maombi inayoliziba. Ukiona tangazo limesema cheti hicho ni "sifa ya ziada", tuma. Likisema ni lazima, usipoteze bando.

Makosa mengine ya kawaida: kupandisha hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe (hati za matokeo, matokeo ya muda na barua za kuthibitisha masomo hazikubaliwi); kuchagua jina la programu lisilo lako kwenye orodha ya mfumo kwa sababu tu limefanana; barua ya maombi bila sahihi; cheo kwenye barua kuandikwa tofauti na kilivyo kwenye tangazo.

Majina ndiyo yanaumiza watu wa kwetu huku. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, NVA ina matatu, NIDA imebadilisha herufi moja. Tofauti ya majina inadai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, hiyo wanayoiita dipoli. Ishughulikie sasa, maana ukiitwa usaili siku zilizobaki huwa hazitoshi kuikamilisha. Na ukurasa wa makazi kwenye akaunti uwe na mkoa unaoishi kweli, kwa sababu usaili ukifanyika mikoani unaweza kupangiwa kituo kwa anuani hiyo. Mtu yuko Kibondo, akaunti inasema Dar es Salaam, na nauli na malazi ni juu ya msailiwa mwenyewe.

Kutuma maombi ni bure. Anayekuomba hela ya "kusukuma jina" mwache aendelee na safari yake.

Mwl_Karakana

Mimi nijibu la usaili wa vitendo, maana mafundi wazuri wengi wanaangukia hapo. Wanaingia, wanashona kiungo kizuri kabisa, wanatoka wakiwa na uhakika, halafu wanashangaa alama. Jopo limeshajua kuwa unaweza kushona. Linatafuta kama mtu mwingine ataweza kushona kwa sababu yako.

Chukua mfano wa kiungo cha T kwa fleti bar ya 40 × 6 mm, dakika 20. Kabla ya kugusa mashine unatakiwa uwe na karatasi mbili mkononi: andalio la somo, na orodha ya kupimia kazi ya mwanafunzi. Kwenye andalio, lengo liandikwe kwa kitendo kinachopimika. "Mwanafunzi aelewe kuchomelea" halipimiki. Andika hivi: "Mwanafunzi ashone kiungo cha T chenye urefu wa mm 150, mguu wa mshono mm 5, pembe nyuzi 90, bila vinyweleo (vitundu vya hewa) vinavyoonekana." Hilo jopo linaweza kulishika.

Gawa muda: dakika 3 usalama na vifaa, 5 za kuonyesha, 9 mwanafunzi afanye, 3 za kupima na kumrudishia majibu. Wengi hula dakika 15 wakieleza aina za elektrodi (rodi) ubaoni, mwanafunzi anabaki na muda wa kuwasha tao, ule moto wa kuchomelea, tu. Kuonyesha kwenyewe kuna hatua nne: fanya kwa kasi ya kawaida ukiwa kimya, rudia taratibu ukieleza kila tendo na sababu yake, mwanafunzi akueleze wewe hatua kabla hajashika kitu, kisha afanye. Ile ya tatu ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayokuonyesha kama amekuelewa kabla hajaharibu chuma.

Mambo ya fani wanayotegea: kwa unene wa mm 6, elektrodi ya 3.2 mm, ampea 100 hadi 130. Ukiweka 70, rodi inagandia na mshono unakaa juu bila kupenya. Ukizidisha, kingo zinaliwa na kuacha mfereji pembeni ya mshono. Shika rodi nyuzi 45 kati ya vipande viwili. Weka vishikizo (vishono vifupi vya kushikilia) ncha zote mbili kabla ya mshono mkuu, na umweleze mwanafunzi sababu: ukishona upande mmoja tu, chuma kikipoa kinavuta kipande kilichosimama kuelekea upande huo. Kama ni lazima kushona upande mmoja, kiegemeze kidogo upande wa pili kwanza, kisha upime kwa skwea kikishapoa. Rodi yenye unyevu inaleta vinyweleo. Kigoma msimu wa mvua pakiti iliyokaa wazi karakanani haifai mpaka ikaushwe.

Umeme ukiwa mdogo, mashine ndogo ya inveta haiendi vizuri na rodi ya 3.2. Beba na 2.5 mm, ampea 70 hadi 90, mshono upite zaidi ya mara moja. Mwalimu aliyekuja na mpango wa pili anaonekana.

Jambo la mwisho, wanafunzi wa majaribio wakikosea usiwanyang'anye rodi. Simamisha, uliza "umeona nini?", mwache arudie. Mwenye mazoea ya karakana mkono unamtangulia, na jopo linaandika.

Tabora_Mjini_Kati

Nyongeza kwa Mwl_Karakana: wengi huulizwa pia makadirio ya vifaa, hasa vyuo vidogo ambavyo bajeti ni shida. Uwe nayo kichwani. Fleti bar ya mita 6 ukikata vipande vya mm 150 unategemea 40, lakini diski ya kukatia inakula mm 2 hadi 3 kila mkato, kwa hiyo hesabu 39. Kiungo cha T kinataka vipande viwili, maana yake viungo 19. Darasa la 16 linatumia 16, kimoja cha kuonyesha, viwili vya akiba. Bar moja imetosha zoezi moja. Rodi nne kwa kila mwanafunzi ni 64, na pakiti ya kilo 5 ya 3.2 mm inatoa 150 na kitu. Mkuu wa chuo akisikia hivyo anajua hutamletea orodha ya manunuzi ya kubuni.

Rodi_ya_Mwanga (mleta mada)

Mmenifungua macho, wakuu. Morogoro nitaomba. Ila mpaka hapo nikae tu? Hao wa "njoo ujitolee", niwaendee au niachane nao?

Dada_wa_Kasulu

Waendee, lakini kwa karatasi, kaka.

Kwanza hakikisha kituo kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Orodha ya vyuo ipo kwenye tovuti yao. Barua ya uzoefu kutoka kituo kisichosajiliwa haina uzito. Pili, uliza mashine zinazofanya kazi ni ngapi kwa wanafunzi wangapi. Mashine mbili kwa wanafunzi 40 siyo darasa la vitendo, utaishia kuandika ubaoni na kusaini mahudhurio, na uzoefu unaoutafuta hutaupata. Usisahau vyuo vya maendeleo ya wananchi: kwetu kuna Kasulu na Kibondo. Peleka barua kwa mkuu wa chuo ana kwa ana, na uulize mapema kabla ya muhula kuanza, maana walimu wa muda hutafutwa wakati ratiba inapangwa.

Kujitolea kukubaliwe kwa maandishi: tarehe ya kuanza na ya kuisha, vipindi kwa wiki, posho kama ipo, na nani anagharamia rodi na vifaa vya kujikinga. Ukishapangiwa ratiba kamili, unasahihisha na kusimamia mitihani kama mwalimu mwingine, hiyo inaanza kuwa ajira, uidai mkataba na NSSF. Madai ya mshahara yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, ya kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30. Watu husubiri mwaka mzima kwa kuoneana haya, halafu wanaambiwa muda umepita.

Na barua ya uzoefu usikubali ile ya mistari miwili, "alikuwa nasi na tabia yake ni njema". Itaje fani, moduli ulizofundisha, ngazi ya wanafunzi, idadi ya vipindi kwa wiki, tarehe kamili, jina na cheo cha aliyesaini, muhuri. Waandikie rasimu wewe mwenyewe, wao wasaini. Tunza pia maazimio ya kazi (mpango wa kufundisha wa muhula) na maandalio yako yote.

Rodi_ya_Mwanga (mleta mada)

Nimekupata, dada. Swali dogo kwa Karani: kuna shule za sekondari za mkondo wa amali, zile zinazofundisha na ufundi, huko NVA 3 inaingia?

Karani_wa_Vyeti

Mkondo huo ulianza na kidato cha kwanza 2024, kwa hiyo mahitaji yapo. Vyuo vya VETA vya wilaya navyo vilianza kujengwa, 63 pamoja na kimoja cha mkoa wa Songwe. Lakini walimu wa sekondari hutangazwa kwa kada yao, na sifa za ualimu zinaandikwa wazi. Usiombe kwa kukisia. Fungua tangazo, soma mstari wa sifa, linganisha na vyeti vilivyo mkononi. Dipoli uliishughulikia?

Rodi_ya_Mwanga (mleta mada)

Jumatatu naenda kwa wakili. NIDA yangu ina "l" moja, cheti kina mbili.