Khorramshahr 1980: kwa nini Iraq ilichelewa kuuteka?

Wakuu, Iraq ilivamia Iran 22 Septemba 1980 ikiwa na vifaru vingi. Khorramshahr, mji wa Iran, iko mpakani kabisa, kando ya mto Shatt al-Arab. Mbona mapigano yalichukua zaidi ya mwezi?

Jibu la 1
Mkuu, tatizo kubwa lilikuwa vifaru kuingia mjini bila askari wa miguu wa kutosha. Kwenye barabara nyembamba mzinga wa kifaru hauinuki vya kutosha kulenga paa lililo karibu, na chuma chake cha juu na nyuma ni chembamba. Wanamaji wa Iran, Pasdaran (Walinzi wa Mapinduzi) na raia wa kujitolea waliwasubiri humo na RPG (roketi za begani za kupiga vifaru) na chupa za petroli. Ikabidi Iraq ilete vikosi maalumu na kupigana nyumba kwa nyumba. Mji ulianguka mwishoni mwa Oktoba, na Wairani wakauita Khuninshahr, mji wa damu.

Jibu la 2
Naongezea: muda ule uliiokoa Abadan, mji jirani wa Iran. Ilizingirwa, lakini haikutekwa.

Jibu la 3
Mtazame pia 1982, Iran ilipoukomboa mji, kwangu ndiyo sehemu yenye mafunzo zaidi. Iran haikuanza kwa kuushambulia mji. Ilivuka mto Karun usiku, ikatandika madaraja ya kuelea, ikaishika barabara ya Ahvaz–Khorramshahr, kisha ikakata njia ya kwenda Basra, upande wa Iraq. Wairaqi waliobaki mjini walikuwa na mto Shatt al-Arab mgongoni. Tarehe 24 Mei mji ulikombolewa, na maelfu ya askari wa Iraq wakatekwa.