Waya gani utapunguza ukali wa spika za Klipsch?

juma_ruaka: Wakuu habari zenu. Nina Klipsch R-51M, mziki ni mtamu lakini huko juu kuna ukali unachoma masikio, tarumbeta na zile "s" za waimbaji ndio mbaya zaidi, nusu saa tu nishachoka. Kuna jamaa yangu anarudi kutoka London Ijumaa nataka aniletee waya. Niko kati ya Van Damme ya bluu ya 2.5 (unene wa shaba kwa milimita za mraba) na QED Silver Anniversary XT, ama niachane na hayo nichukue waya wa roli madukani hapo Luthuli, Nairobi. Ipi italainisha sauti? Nimjibu kabla ya Alhamisi.

fundi_umoja: Amplifaya gani? Waya mita ngapi? Chumba kikoje? Bila hayo tunabahatisha tu.

MzeeWaSanturi: Waya wenye madini ya fedha achana nao kabisa. Hiyo QED ni shaba iliyopakwa fedha na kwa masikio yangu fedha huzidisha ukali. Van Damme ni shaba tupu, ndio iko kwa spika zangu na sina mpango wa kuitoa. Twita ya hizo Klipsch, ile spika ndogo ya sauti za juu, ni ya aluminiamu na imekaa ndani ya honi, ule mdomo kama wa tarumbeta, tayari ina nguvu ya kutosha, usiiongezee.

hesabu_kwanza: Mzee kwa heshima, waya haulainishi kitu. Shaba ya 2.5, tuseme mita nne kwenda na nne kurudi, upinzani wake wa umeme ni kama omu 0.055. Spika ni omu 8. Sauti inayopotea hapo haifiki hata sehemu ya kumi ya desibeli moja. Ukali unatoka kwingine.

MzeeWaSanturi: Kijana, nimebadilisha waya kwa amplifaya ile ile na spika zile zile na tofauti nimeisikia. Naim, watengenezaji wa amplifaya, wenyewe wanasema waya wa amplifaya zao usipungue mita 3.5, kwa nini waseme hivyo kama waya si kitu?

hesabu_kwanza: Hiyo ni habari nyingine mzee. Naim wanataka amplifaya yao itulie, wala hawasemi waya unalainisha twita.

wanjiku_mziki: Mimi niseme tu kuhusu roli za Luthuli, sio maduka yote, lakini muwe macho. Kuna mahali nilinunua waya mnene umeandikwa shaba asilimia mia, ganda lake linaonyesha ndani na nyuzi zinang'aa vizuri, bei nayo nzuri, nikalipa. Nafika nyumbani namenya ganda, nyuzi zinakatika tu mkononi, ukikunja mara mbili uzi umetoka. Nikachukua kisu nikakwaruza uzi mmoja, ndani ni mweupe. Aluminiamu iliyovishwa shaba! Narudisha, muuzaji ananiambia madam kitu kikishatoka dukani ni chako. Ndugu yangu akaomba autumie kwa risiva yake, na kwa vile nyuzi zinavunjika vunjika kuna moja ikachomoka ikagusa upande wa pili pale nyuma, tuko katikati ya mziki risiva ikazima na ikakataa kuwaka, fundi akafungua akatuonyesha transista za upande mmoja zimeungua. Na hata isipounguza kitu, aluminiamu ina upinzani zaidi ya mara moja na nusu ya shaba kwa unene ule ule. Kwaruza uzi mbele ya muuzaji kabla hujatoa pesa.

juma_ruaka: Pole sana dada. Nilikuwa kazini. Amplifaya ni Yamaha A-S301, waya kama mita tatu kila upande. Sebule chini ni tailsi, ukuta mmoja wote ni kioo hadi balkoni, pazia bado sijaweka, kuna kochi moja na meza ya kioo. Spika zimeelekezwa kwangu moja kwa moja.

fundi_umoja: Sasa si hayo ndio tuliuliza! Hebu simama katikati ya sebule upige kofi moja, ule mlio unaobaki ukigonga kuta ndio unakuchoma. Geuza spika zitazame mbele badala ya kukutazama wewe, honi inarusha sauti ya juu pale inapoelekea. Tandika kapeti nzito kati yako na spika. Na hiyo Yamaha ina kitasa cha trebo, yaani cha kupunguza au kuongeza sauti za juu, angalia kama umewasha kitufe cha Pure Direct, ikiwa imewaka kitasa hakifanyi kazi.

MzeeWaSanturi: Trebo usiguse, unaharibu kazi ya aliyerekodi.

hesabu_kwanza: Mzee kile kioo kinaharibu zaidi. Kitasa kimewekwa kitumike.

dj_kasarani: Mimi ningeuza hizo Klipsch nichukue Wharfedale Diamond, twita yake ni ya kitambaa, unasikiliza kutwa nzima bila shida.

juma_ruaka: Siuzi. Nimezigeuza jana usiku, tarumbeta zimetulia kiasi, "s" bado. Pure Direct kweli ilikuwa imewaka. Jamaa nimemwambia aulize bei ya Van Damme, asinunue kwanza. Pazia nzito napata wapi?

wanjiku_mziki: Eastleigh. Pima dirisha kabla ya kwenda, na uchukue kitambaa mara mbili ya upana wake ili pazia likunjike, likivutwa likanyooka kabisa halinyonyi sauti vizuri.

otis_syokimau: Mita moja ya hicho kitambaa cha pazia ni pesa ngapi siku hizi? Nina kioo kama hicho na spika nachukua mwisho wa mwezi.