Plazma iliyopigwa mwanga, naombeni ushauri

Jamani salamu zenu, mi niko Malindi, dadangu kaolewa Ujerumani, juzi kajifungua akatokwa na damu nyingi wakamwekea plazma (yale maji ya damu bila chembe), sasa anasema ilitiwa dawa ya methilini bluu ikapigwa mwanga wa taa ndo virusi vife, halafu ile rangi ikachujwa. Mama roho juu, auliza mwanangu katiwa buluu ya nguo jamani 😂

Nilivosoma inamaliza virusi vya ukimwi na homa ya ini B na C, vile vyenye utando wa mafuta, ila vya homa ya ini A ni vibishi. Ninachoogopa, kakangu ana upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, zikikikosa huvunjika kwa dawa fulani), alipewa primakwini ya malaria mkojo ukawa kama chai ya rangi, je dada awaambie madaktari hilo? Walioko maabara nisaidieni