Tupeane uzoefu: siti za ngozi kwenye gari, nani kaharibu na nani kaokoa?

Mtoto wa Kihesa
Kamwene wakuu. Jana nashuka Ipogolo nikapita sehemu wanaosha magari, nikaona kijana kashika brashi ya kufulia, ile ya plastiki ngumu, anasugua siti za ngozi za Brevis ya mtu, povu la sabuni ya unga limejaa mpaka linachuruzika mlangoni. Nilisimama kabisa, nikashindwa kuendelea na safari. Yalishanikuta.

Mzee wangu alipofariki aliacha Crown yenye siti za krimu, gari alilokaa nalo miaka 11. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa anafuta siti mwenyewe, kitambaa cha pamba anakiloweka maji ya uvuguvugu anakikamua mpaka hakidondoshi hata tone, halafu anapitisha kikavu, basi, hakuna dawa wala nini. Sisi watoto ilikuwa marufuku kupanda na soda au mahindi ya kuchoma. Sasa tunajiandaa na arobaini yake nikasema gari la mzee liende likiwa safi, nikalipeleka kuoshwa, nikaenda zangu kunywa chai. Narudi yule kijana ananionyesha tambala kwa furaha, bosi ona uchafu niliotoa. Lile tambala lilikuwa krimu. Haukuwa uchafu, ni rangi ya siti. Ule ubavu wa kulia wa siti ya dereva ambao mzee alikuwa anaukalia akipanda na kushuka umebaki na baka la kijivu mpaka leo. Mama alipoliona hakusema neno, aliligusa tu kwa kidole akaenda kukaa nyuma.

Tupeane uzoefu. Aliyeharibu aseme aliharibuje, aliyeokoa aseme alitumia nini.

Kabwe Stendi
Brashi ya kufulia ndio adui namba moja. Pole sana mkuu.

Fundi Siti Mwanjelwa
Pole kaka, na Mungu ampumzishe mzee. Mimi nashona na kupaka rangi siti hapa Mbeya mwaka wa 14 sasa. Watu wanadhani wakisugua wanasafisha ngozi, hapana. Siti nyingi za magari haya tunayotumia ngozi yake imepakwa rangi, na juu ya rangi kuna koti la plastiki jembamba sana, halifiki hata unene wa unywele. Ukikaa unachogusa ni hilo koti, sio ngozi. Na ngozi yenyewe asili yake ni uchachu kidogo, pH (kipimo ambacho namba ndogo ni uchachu, namba kubwa ni ukali kama wa magadi) inacheza 4 hadi 5, wakati sabuni ya unga inafika 10 na kuendelea. Ukichanganya ukali huo na brashi koti linaondoka, rangi inafuata. Sabuni ya kipande nayo ni hivyo hivyo, msiione imetulia.

Mzee wako alikuwa anajua. Kila wiki kitambaa chenye unyevu, kikavu kinafuata. Uchafu ukizidi tafuta kisafishio cha ngozi chenyewe, ukikosa basi shampuu laini ya watoto matone machache kwenye lita ya maji, tumia POVU tu sio maji, sponji laini, kwenye mikunjo mswaki laini, futa, kausha kivulini. Kondishena, ile losheni ya kulainisha ngozi, inakuja mwisho juu ya siti safi, ukiipaka juu ya uchafu umeufungia ndani. Kidogo tu kama punje ya harage kwa nusu siti, subiri dakika 20, ile iliyobaki juu ifute yote. Mara mbili tatu kwa mwaka inatosha.

Lile baka usitafute mafuta, hakuna mafuta yanayorudisha rangi. Pale ni rangi ya ngozi na koti jipya juu.

Mama Pacha Soweto
Mimi ni jinzi mpya jamani. Siti nyeupe, nimetoka nayo Uyole mpaka Tunduma na kurudi, kushuka naona siti imekuwa ya bluu umbo lote la mtu aliyekaa. Nikapaniki, nikachukua dawa ya kutolea rangi ya kucha nikaweka kwenye pamba. Bluu ilitoka kweli, dakika hiyo hiyo na weupe ukatoka nao, pakabaki panata kama gundi. Nililia. Kumbe ningewahi na povu siku ile ile ingetoka yote au karibu yote. Wadada wenye siti nyeupe jinzi mpya ifueni kwanza mara mbili tatu ndio mkalie nayo.

Ndaga Fijo
Mnajisumbua bure. Mafuta ya nazi. Mwaka wa nne huu, siti nyeusi, ukiingia unajiona kama kwenye kioo.

Fundi Siti Mwanjelwa
Kung'aa sio afya ya siti. Yale mafuta yamekaa juu ya koti, ikifika kiangazi vumbi lote linanasa hapo, linaingia kwenye mishono, ukikaa unalisaga kama msasa. Na mafuta ya kupikia yanachacha. Funga vioo siku ya jua halafu uingie unuse.

Ndaga Fijo
Fundi anatafuta wateja huyu. Wakubwa wetu walilainisha ngozi kwa mafuta, na zilidumu. Leo mafuta yamekuwa sumu?

Fundi Siti Mwanjelwa
Nikitafuta wateja ningekwambia ongeza nazi mzee wangu. Ngozi zao hazikupigwa plastiki juu, zilikuwa wazi, zinakunywa. Fanya hivi, dondosha tone la maji sehemu iliyojificha chini ya siti. Likizama pakawa peusi, ngozi yako iko wazi. Likikaa juu kama umande kwenye jani la gimbi, ina koti, hata umwage ndoo ya mafuta hayafiki ndani.

Mzee wa Makambako
Nimetoka kudondosha sasa hivi. Limekaa juu.

Ndaga Fijo
Langu halijanuka hata siku moja. Tuishie hapo.

Harrier ya Shemeji
Wakuu uzi huu umenirudisha mbali, nilikuwa sijawahi kusimulia hii.

Julai, ile baridi yenyewe ya Mbeya. Nimeazima Harrier ya shemeji, mume wa dada yangu, naenda Tukuyu kuchukua maziwa ya shughuli ya kipaimara. Dumu la lita 20 nikaliweka siti ya nyuma nikalifunga mkanda kama mtu. Natoka Kiwira, napandisha, nashuka Igawilo, tuta sikuliona. Mfuniko uliruka. Nasikia tu gluglu gluglu nyuma, kusimama pembeni maziwa yameshaenea siti yote, na siti zenyewe ni zile zenye vitundu vidogo vidogo, nayaona kwa macho yangu yanazama kama mvua kwenye mchanga. Mengine yamepita chini ya zulia mpaka mbele.

Kosa la kwanza, nilipitia kuosha wakapiga maji ya presha kwenye siti. Yale maji yaliyasukuma maziwa yakaingia ndani zaidi kwenye sponji. Nje ikawa safi, nikashukuru. Siku ya tatu nafungua mlango, harufu ile siwezi kuielezea, ni ya mtindi uliokufa. Watoto wa dada walipanda wakashuka wanatapika. Na shemeji anapiga simu gari linarudi lini, mimi namwambia kesho, kesho, wiki mbili.

Kosa la pili, nikasema nang'oa mwenyewe. Siti ya nyuma ikatoka vizuri, nikafungua zile pete za waya nikavua kava ya ngozi, nikafua sponji kwenye beseni mpaka maji yakatoka meupe. Baridi ile sponji inakauka lini? Siku nne bado inatiririka. Nikaleta jiko la mkaa, sponji huku, kava kule, nikaenda kulala. Asubuhi ile kava imekakamaa kama ngozi ya ngoma na imenywea, navuta irudi kwenye siti haifiki, imepungua vidole vitatu kila upande.

Kosa la tatu ndio lililonimaliza. Nataka kukausha zulia nikang'oa siti ya abiria mbele, chini kuna soketi ya njano nikaichomoa, halafu nikawasha swichi nisogeze siti ya dereva. Taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajalini, ikawaka kwenye dashibodi. Nikarudisha siti, nikachomeka, taa haizimi. Hapo ndio nilikaa chini kwenye baraza nikampigia dada nikamwambia kila kitu.

Kabwe Stendi
Daah. Aisee.

Mama Pacha Soweto
Shemeji alisemaje??

Mnyalu Mafinga
Ngoja kwanza, taa ilizima? Mimi ninayo inawaka mwezi wa pili toka nilipotoa siti kuosha.

Dereva Kitonga
Kwa harufu ungeweka mkaa mkavu kwenye bakuli na magadi ungenyunyiza juu ya siti, mbona rahisi.

Fundi Siti Mwanjelwa
Mkaa sawa, unasaidia kidogo. Magadi weka kwenye bakuli, USINYUNYIZE kwenye ngozi, ni ukali ule ule wa sabuni. Na kwa maziwa yaliyofika kwenye sponji hakuna bakuli litakalosaidia, ni kuvua kava na kufua sponji, hapo jamaa alikuwa sahihi kabisa. Alipokosea ni moto. Ngozi iliyolowa haitaki moto, haitaki jua la moja kwa moja, inataka kivuli na upepo hata ikichukua wiki.

Dereva Kitonga
Mke wangu alinyunyiza magadi na siti iko nzima.

Fundi Siti Mwanjelwa
Pengine sio ngozi. Gari nyingi pale unapokalia ni ngozi, pembeni na nyuma ni plastiki iliyofanana nayo. Angalia upande wa chini, ngozi ina nyuzi kama manyoya mafupi, ya plastiki chini yake ni kitambaa.

Harrier ya Shemeji
Taa ilizimwa na fundi umeme kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Alinigombeza sana. Kumbe kwenye siti ya mbele kunaweza kuwa na eabegi ya ubavuni, kabla hujagusa soketi ya njano unatoa waya wa hasi wa betri na unasubiri dakika kadhaa, na usiwashe swichi kabisa siti ikiwa imechomolewa. Siti ya nyuma nilinunua used nzima, laki mbili na nusu. Shemeji alikuja mwenyewe, akazunguka gari, akaingia akakaa kimya muda mrefu. Akaniambia ungeniambia siku ile ile ungelala usingizi. Gari bado ananiazima, ila maziwa sipakii tena.

Bomani Tukuyu
Huku kwetu shida ni ukungu. Niliacha gari nyumbani Februari hadi Aprili na mvua za Rungwe mnazijua, kufungua siti zimeota kijani kama mgomba uliolala. Nilitumia siki na maji nusu kwa nusu, kitambaa kimekamuliwa, nikiwa nimeziba pua na nje sio ndani ya gereji, halafu kitambaa cha maji matupu, halafu milango wazi kivulini siku mbili. Ilitoka. Nilijaribu kwanza nyuma ya siti kuona rangi kama haitoki.

Mzee wa Makambako
Na jua mlisahau. Watu wanasema huku baridi siti hazipasuki. Mbeya iko mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, jua la juu huku linachoma hata kama umevaa koti, na linapauisha siti pole pole. Kivuli, au kinga ya kioo cha mbele. Mpasuko ukishatokea kondishena haiuungi.

Njombe Kijani
Na mafuta ya parachichi je? Huku tunayo mengi.

Fundi Siti Mwanjelwa
Kula mdogo wangu.

Mtoto wa Kihesa
Nimesoma zote, asanteni sana. Fundi nimefanya lile la tone, limezama kwenye baka tu, kwingine limekaa juu. Jumapili niko Mbeya nalileta. Ila naomba kitu kimoja, kabla hujapaka rangi nataka mama alione, maana jana kaniambia lile baka ameshalizoea na hataki lifutwe lote.