Naomba ushauri: nataka kumpeleka mama Palazzo dei Diamanti, Ferrara

Mkaa Bologna:
Habari zenu wapendwa. Mama anakuja kunitembelea mwezi ujao. Amefundisha historia sekondari miaka 30, na ombi lake ni moja tu: aingie ndani ya jumba la enzi ya Renaissance, ule mwamko wa sanaa wa Ulaya. Nimefikiria Palazzo dei Diamanti kule Ferrara, Italia, maana kutoka hapa Bologna kwa treni ni kama nusu saa. Shida ni magoti, ngazi zinamtesa. Halafu mwaka jana nilimpeleka mgeni jumba jingine, tukakuta maonyesho yamefungwa, mafundi wanatundika picha mpya. Sitaki yamkute mama. Nipangeje?

Bintisaidi:
Dada, mle ndani mna mambo mawili. Chini ni kumbi za maonyesho ya muda, haya ndiyo ya kuhakikisha tarehe kabla hujakata tiketi ya treni. Ghorofani ni Pinacoteca Nazionale, picha za wachoraji wa Ferrara ambazo zipo siku zote, na tiketi yake hukatwa peke yake. Jumatatu usiende. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure, lakini kwa mtu wa magoti ningelipa siku nyingine kuliko kumsimamisha kwenye foleni. Habari ya lifti wapigie mapema.

Mzee Kiparang'anda:
Mwanangu, msikimbilie ndani! Ukuta wa nje una mawe ya marumaru kama 8,500, kila moja limechongwa ncha kama almasi, alama ya ukoo wa Este uliotawala Ferrara. Biagio Rossetti alianza kulijenga 1493 kwa ajili ya Sigismondo, mdogo wake mtawala Ercole I. Tazameni ncha zenyewe: za chini zimeinamia ardhi, za kati zinatazama mbele, za juu zimeelekea mbinguni, ili zidake mwanga. Mpe mama muda mbele ya ukuta ule, aone kivuli kinavyohama. Kisha msogee kwenye kona ya barabara, pana nakshi za majani ambazo wengi huzipita.

Mkaa Bologna:
Shikamoo mzee wangu, asante sana. Kutoka stesheni anaweza kutembea?

Bintisaidi:
Mji ni tambarare, ila ni dakika 20 hivi kwa miguu. Chukueni teksi, magoti ayatunzie humo ndani.

Mkaa Bologna:
Nimempigia mama. Kasema nisikate tiketi ya kurudi mapema. Nitawawekea picha za mawe.