Vipapatio vya Super Bowl: mwaka jana vilitoka kama mpira, nisaidieni kabla ya Jumapili

DadaWaColumbus

Wakuu habari za wikendi. Naombeni msaada wa haraka. Jumapili ijayo ni Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, na safari hii mechi inaangaliwa kwangu, watu 14 wameshathibitisha, wengi wa kazini kwa mume wangu, na yeye kwa sifa zake akawaambia vipapatio vya pilipili vipo, mke wangu anavijua. Hakuniuliza. Mimi huo mpira wao wenyewe siuelewi, wanakimbia sekunde tano halafu wanasimama kujadiliana kama kikao cha harusi, lakini nimeishi Ohio miaka ya kutosha kujua siku hiyo bila vipapatio ni kama Idi bila pilau.

Tatizo ni kwamba mwaka jana nilijaribu nikaumbuka. Niliviloweka usiku kucha kwenye tomato sosi, vinega na pilipili ya unga, asubuhi nikavibananisha vyote kwenye trei moja, oveni 350 ya farenhaiti, nikaviacha saa nzima. Kufungua, trei imejaa supu na ngozi imelegea inavutika kama mpira. Nikafunika na foili visipoe ndio nikamaliza kabisa. Wageni wakasifia weee, halafu wakahamia kwenye chipsi, na wakati wa kuosha vyombo nikawa naokota vipapatio vilivyong'atwa mara moja moja.

Nina oveni ya kawaida, trei mbili kubwa, eya fraya sina. Nimeagiza paundi 10 kwa mchinjaji wa halali hapa mtaani. Nataka viwe vikavu vinavyolia mdomoni, na pilipili iwepo ya kweli, ila kuna wageni wengine hata pilipili manga inawatoa machozi. Nifanyeje?

Kijiko_Mkononi

Dada pole, ila ulichofanya wewe ni kuvichemsha ndani ya oveni, siyo kuvioka. Nimekaa miaka mitatu kwenye jiko la mgahawa huku Minneapolis, na kipapatio adui yake ni mmoja tu, maji. Ulivitoa kwenye sosi vikiwa vimelowa, ukavirundika mvuke ukakosa pa kutokea, moto wenyewe mdogo, halafu foili juu. Kipapatio ni ngozi na mafuta kwa sehemu kubwa, hayo mafuta yanatakiwa yayeyuke yatoke na ngozi ibaki imekauka.

Fanya hivi. Jumamosi mchana kata kila kipapatio kwenye maungio, ile ncha ya mwisho usitupe weka frizani utachemshia supu. Vifute kwa taulo za karatasi mpaka karatasi itoke kavu, usione uvivu hapa. Halafu chukua beking pauda, kijiko kimoja cha chai kwa kila paundi moja, na chumvi kiasi hichohicho (ile ya chembe kubwa, kama ni ya unga laini weka nusu), changanya mkavu na ungaunga wa kitunguu saumu na paprika, vipake vyote vipate vumbi jembamba. Vipange juu ya wavu wa chuma, wavu juu ya trei yenye foili, ingiza kwenye friji USIFUNIKE, vilale humo mpaka kesho yake. Friji inakausha ngozi na ile beking pauda inapunguza asidi ya ngozi kwa hiyo inapata rangi mapema na inafanya vimapovu vidogo, ndiyo huo ukavu unaoutafuta. Ladha yake huisikii ukiweka kipimo.

Jumapili oveni 450, yaani 230 ya selsiasi. Dakika 20 upande mmoja, geuza, dakika 20 hadi 25 tena, na trei zibadilishane juu chini maana oveni nyingi zinaunguza upande mmoja. Kuku ni salama akifika 165 kwa kipimajoto ila kipapatio kitoe kwenye 185 hivi, kina gegedu na vile vinyuzi vingi, kwenye 165 bado kinavutika.

Sosi ni mwisho kabisa. Nasema MWISHO. Kikiwa kimeshaiva, kwenye bakuli, rusharusha, peleka mezani.

VipapatioSinza

Mkuu hapo juu kaongea vizuri ila hayo mambo ya friji usiku kucha sisi wa mkaa tunayasikia tu 😂 Mimi nauza vipapatio jioni Sinza, siku ya dabi ya Kariakoo nakaanga ndoo nzima na kabla ya mapumziko imeisha, Simba na Yanga wakicheza watu hawali wali. Siri yangu ni kukaanga mara mbili. Ya kwanza moto wa wastani karai lisijae, viive ndani vibaki vyeupevyeupe, natoa naviacha kwenye chujio vipumue hata nusu saa. Mteja akifika ndio navirudisha kwenye mafuta ya moto mkali dakika mbili tatu, vinatoka vinalia. Ila kwa watu 14 ndani ya nyumba usikaange dada, utashinda jikoni unanuka mafuta wenzio wanaangalia mechi. Oveni ni sawa.

Halafu hiyo mechi yenu huku ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, nani anakula kipapatio saa hiyo jamani.

Bi_Mkubwa_Tanga

Wanangu nimesoma nyote, hakuna hata mmoja aliyetaja kuosha kuku. Kufuta na karatasi ndio kumuosha? Kuku anaoshwa kwa maji na ndimu na chumvi, anatoka ile shombo, ndio mambo mengine yafuate. Pia sisi tulikuwa tunamchemsha kwanza na tangawizi na kitunguu saumu kidogo tu, halafu ndio anakwenda kwenye mafuta au kwenye makaa. Hakuna aliyelalamika kwamba ni mpira.

Kijiko_Mkononi

Shikamoo bibi. Huku Marekani watu wa afya wanakataza kabisa kumuosha kuku kwenye sinki, wanasema maji yakiruka yanasambaza bakteria kama salmonela kwenye vyombo na saladi, na kinachowaua ni moto, siyo maji. Mimi mwenyewe nimelelewa na ndimu kwa hiyo sibishani sana, ila dada akitaka kuosha basi atumie bakuli la maji, asifungulie bomba juu ya kuku, amalize aoshe sinki na sabuni, na BAADA YA HAPO avifute vikauke mara mbili ya nilivyosema.

Ila hilo la kuchemsha kwanza bibi uko sahihi kuliko unavyodhani. Ukivipitisha kwenye mvuke dakika 10 mafuta mengi yanatoka mapema na moshi unapungua ndani ya oveni. Kosa ni kuvitoa kwenye mvuke na kuviingiza kwenye oveni vikiwa vinatiririka, lazima vipoe na vikauke kwenye friji kwanza.

Bi_Mkubwa_Tanga

Marahaba. Muoshe.

wa_Umoja_Nairobi

Hapo kwa beking pauda nisikize dada, soma mkebe vizuri. Mimi nilidhani ni kitu kimoja na magadi soda nikaweka magadi, tulikuwa tunaangalia fainali ya Champions League na maboys wamechanga pesa ya kuku, wings zikatoka rangi poa sana, zimekauka, nikajigamba. Kuonja hivi, sabuni. Sabuni kabisa, msee mmoja aliuliza kama nimeziosha na Omo. Mpaka leo kwa grupu yetu naitwa Fua. Na ukipata mkebe umeandikwa haina aluminiamu chukua huo, ule mwingine ukizidisha kidogo unaacha ladha ya chuma.

DadaWaColumbus

Hahaha Fua nimecheka mpaka mtoto kaamka. Asanteni sana jamani. Sasa hilo la kukausha nimelielewa, bado sosi. Nikinunua ile chupa ya dukani wanayoita Buffalo inatosha au? Na nina habanero nimezikuta kwa Wamexico.

AchariMchachari

Sosi niachieni mimi. Kwanza Buffalo siyo mnyama, ni mji, uko New York huko juu karibu na Kanada. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964 mama mmoja, Teressa Bellissimo, wa baa ya Anchor, alipika vipapatio vya usiku kwa rafiki za mwanawe, wakati huo kipapatio kilikuwa cha kutupia kwenye supu, akavikaanga akavipaka pilipili na siagi, akaweka na selari na dipu ya jibini bluu pembeni. Leo wenye viwanda vya kuku wanakadiria Wamarekani wanakula vipapatio zaidi ya bilioni 1.4 wikendi ya Super Bowl peke yake. Kitu cha kutupa hicho.

Kwa hiyo sosi yenyewe usinunue iliyochanganywa, ni vitu viwili tu. Pilipili ya chupa ya Frank's RedHot na siagi. Kwa paundi 5 weka kikombe kimoja cha pilipili na siagi theluthi mbili za kikombe, moto mdogo sana mpaka siagi iyeyuke, koroga, zima. Ikichemka inakatika, mafuta yanakaa juu na pilipili chini. Hii siyo kali, wageni wako wengi watakula bila kulia.

Sasa ya pili ndiyo ya kwetu. Hizo habanero ni ndugu wa damu na pilipili mbuzi, harufu ileile, nne zinatosha. Vaa glavu wakati wa kukata, nisikilize mimi niliyewahi kukata kwa mikono mitupu halafu nikatoa lensi za macho. Saga na kitunguu saumu punje sita, tangawizi kipande cha kidole, ukwaju uliolowekwa ukachujwa kikombe kimoja, chumvi, asali vijiko vitatu. Chemsha mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Fungua dirisha, mvuke wake unakohoza nyumba nzima. Hii USIVIPAKE, weka kwenye kibakuli pembeni kila mtu achovye kwa imani yake. Na tengeneza mtindi mzito na giligilani, ndimu na kitunguu saumu, atakayeungua umpe huo au maziwa, asipewe maji, ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, unausambaza tu ulimi mzima.

Kijiko_Mkononi

Nyongeza ya ratiba maana hapa ndio watu wanachemsha. Usioke zote 10 kwa mpigo, trei mbili zinabeba paundi 5 vizuri bila kugusana. Wageni wanaingia saa kumi na moja, basi raundi ya kwanza iingie oveni saa kumi na robo. Ya pili iache kwenye friji, robo ya pili ya mechi ikianza ingiza, itaiva karibu na mapumziko na mapumziko yao ni marefu kwa sababu ya lile shoo. Vilivyokaa mezani zaidi ya saa mbili usivirudishe friji. Na foili usifunikie kitu.

DadaWaColumbus

Jamani nimerudi, ni Jumatatu na sijaenda kazini.

Raundi ya kwanza, siwezi kueleza. Nilikaa jikoni nikang'ata kimoja peke yangu, nikasikia krr, nikamwita mume wangu aje asikilize. Paundi 5 ziliisha kabla timu hazijaimbiwa wimbo wa taifa. Za Buffalo zilipendwa na wote, na ile ya ukwaju mwanzo waliiogopa, mpaka bwana mmoja wa stoo kwao akasema yeye kakulia Texas pilipili haimtishi, akachovya kipapatio kizima mpaka kwenye vidole. Alinyamaza. Kisha akanywa maji. Nikamwambia siyo maji, akaendelea na maji. Tukampa mtindi na kijiko akaumaliza wote, robo nzima ya mechi hakusema neno, halafu nakwambia akachovya tena, na mwisho wa mechi alikuwa ameshika hicho kibakuli mkononi.

Raundi ya pili sasa. Sikubadilisha foili. Yale mafuta ya raundi ya kwanza yalibaki kwenye trei, 450 tena juu yake, shoo ya mapumziko ndio inaanza na mimi kwa mara ya kwanza nimekaa naangalia, king'ora cha moshi kikaanza kulia. Watu 14 wanapepea na matakia ya sofa, milango wazi na nje baridi ya Februari. Vipapatio vyenyewe vilitoka salama, vimeungua viwili tu, lakini Fua wa Nairobi nakuonea huruma sana leo maana na mimi nimeshapewa jina kwenye grupu la kazini kwao, naitwa Zimamoto.

Mume wangu kawaambia mwakani tena kwetu. Hakuniuliza.

wa_Umoja_Nairobi

Zimamoto karibu kwa chama 😂😂

VipapatioSinza

Hiyo ya ukwaju nimeijaribu jana jioni wateja wamerudi mara mbili. Nimepandisha mia mbili kila kipande.

Bi_Mkubwa_Tanga

Mwanangu nimefurahi wageni wameshiba. Uliviosha?

DadaWaColumbus

Shikamoo bibi.