Mwanza, hizo mnazotuuzia wakati wa futari siyo kaimati, ni maandazi yaliyokatwa madogo

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitaupaka asali. Mwezi mtukufu ukiingia, kuanzia Igoma hadi Kirumba kila meza ya jioni ina beseni la "kaimati". Pasua moja. Ndani ni mkate mtupu: mweupe, mkavu, umeshikana, mtamu kama andazi la chai. Juu wamenyunyiza sukari, au wamemwagia shira nyepesi kama juisi ya kuongezwa maji. Uzeni, hakuna anayewazuia, ila liiteni andazi.

Unga wa kaimati hautiwi sukari. Utamu wote unatoka nje, kwenye shira. Ukitia sukari kwenye unga, ganda linawahi kuwa jekundu huku ndani bado uji. Muuzaji akiona uji, badala ya kuondoa sukari anaongeza unga, mchanganyiko unakuwa mgumu, anausukuma na kuukata kwa kisu. Hapo andazi limeshazaliwa. Na kwa kuwa tayari ni tamu, shira anaiona hasara, anairuka. Kosa moja limezaa matatu.

Kuna wanaojitetea eti "kaimati ni donati za kienyeji, kila mtu na yake". Kaeni chini. Kwa Kiarabu luqma ni tonge, luqaimat ni vitonge, na jina kamili ni luqmat al-qadi, tonge la kadhi. Sisi tumemeza "lu" ya mwanzo ikabaki kaimati, wengine kalimati. Mwaka 1226 Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi kule Baghdad na tonge la kadhi limo: unga uumuke, ukatwe vipande vidogo kama njugu, vikaangwe kwa mafuta ya ufuta, vichovywe kwenye shira, ndipo vinyunyiziwe sukari iliyosagwa laini. Shira kwanza, sukari baadaye! Msafiri Ibn Battuta, huyo huyo aliyefika Kilwa mwaka 1331, anazitaja kwa jina hilo kwenye karamu za India. Leo Waturuki wana lokma, Wagiriki loukoumades, watu wa Ghuba luqaimat, na wote wanazitia shira au asali. Na msiniambie Mwanza ni mbali na pwani. Reli imefika hapa tangu 1928.

Haya, vipimo, ili mtu asiseme natukana bila kufundisha. Unga wa ngano nusu kilo, hamira ya chenga kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi nusu kijiko, mtindi vijiko vitatu vya mezani, mafuta kijiko kimoja cha mezani, maji vuguvugu kama mililita 400. Usikande, piga. Mkono mmoja, bakuli limeinama, dakika 10 bila huruma, mpaka unga uvutike kama mlenda na uanze kuachia bakuli. Usipoupiga, kaimati zinatoka na tundu upande mmoja na bonge upande wa pili. Funika. Kwa joto la mchana la hapa, dakika 45 hadi saa moja zinatosha. Wanaoumua tangu asubuhi ili wachome saa kumi ndio wanaotuuzia zile zenye harufu ya pombe, tena zimepauka, kwa sababu hamira imeshakula utamu wote wa asili wa unga na hakuna kilichobaki cha kuleta rangi.

Kudondosha: lowesha mkono, chota unga, kaza ngumi, utokeze kitonge kati ya kidole gumba na cha shahada, ukikate kwa kijiko kilicholowa. Kikiota mkia, maji yamezidi. Mafuta yawe na kina cha vidole vinne, joto kama nyuzi 170. Huna kipimajoto? Tone la unga lizame kidogo, lipande baada ya sekunde tatu au nne. Likipanda papo hapo, punguza mkaa. Zikishaingia usiziache zijikalie. Zungusha kwa mwiko wa matundu mfululizo, dakika sita au saba, ziive pande zote sawa.

Shira: sukari nusu kilo, maji mililita 250, hiliki, ndimu kijiko cha chai. Wengi wanakosea hapa kwa kufuata vipimo vya pwani. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Shira ambayo Tanga au Unguja iko tayari kwenye 106, huku iko tayari kwenye 102. Ukiisubiri ifike 106 utakuwa umeikausha, ikipoa inageuka chenga. Kisha kaimati za moto ziingie kwenye shira iliyopoa ikabaki vuguvugu. Vyote viwili vikiwa vya moto, ganda linalegea.

Naomba kuwasilisha.

#2
Umesahau dhambi kubwa kuliko zote: karai moja, saa tisa sato, saa kumi na moja kaimati. Mafuta yaliyokaanga samaki yana maji na vipande vilivyoungua chini, yanatoa moshi mapema na povu lisilokatika hata ukiwa umeshaopoa. Unga mbichi wa majimaji unanyonya harufu hiyo yote. Hapo hiliki utie debe zima, futari inanukia mwaloni, kule wanakoshushia samaki.

#3
Mkuu, hoja yako nzuri ila usitufiche. Huyo huyo al-Baghdadi anasema unga uwe mgumu. Sasa mbona unawasema wanaokaza unga?

#4 (mwenye uzi)
#3 umenishika, nakubali. Wa Baghdad ulikuwa mgumu, na aliukata vidogo mno, kwa hiyo moto uliwahi kufika katikati. Wa kwetu ni wa kudondosha na vitonge ni vikubwa kama ndimu. Ukikaza kwa ukubwa huo unapata mkate. Anayetaka kukaza na akaze, ila akate vya njugu na achovye. Sukari ndani ya unga hata yeye hakutia.

#5
Na wanaotia beking pauda badala ya hamira? Zinafura karaini vizuri tu.

#6
#5 zinafura, halafu zinanywea kwenye beseni. Bila kuumuka, unga hauna mvuto wa kushikilia zile hewa, ganda linakuwa laini kama keki na shira inapenya mpaka katikati. Baada ya nusu saa unauza sponji. Halafu mwambieni yule anayezifungia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko zikiwa za moto: yale matone chini ya mfuniko ni mvuke, unarudi kudondokea ganda alilolihangaikia dakika saba. Ungo na kitambaa chepesi juu, basi.

#7
Shira yangu imeshageuka chenga na futari ni saa moja ijayo. Naitupa?

#8 (mwenye uzi)
#7 usitupe. Maji vijiko vitatu, ndimu nusu, rudisha moto mdogo na usikoroge; kwenye kingo za sufuria pangusa kwa kitambaa kilicholowa, maana punje moja iliyobaki pale itaigeuza yote tena.